Nianze na The Wire, Breaking Bad, au niendelee kulala?

"Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari, hapa Iringa. Nikishasahihisha madaftari na watoto wakalala, nabakiwa na saa moja hivi ya kutazama kitu. Game of Thrones niliimaliza kwa hasira. Money Heist niliipenda mno mwanzoni, baadaye nikawa naitazama ili iishe tu. Sasa walimu wenzangu wanabishana: mmoja anasema The Wire ndiyo tamthilia bora kuliko zote, mwingine anasema hakuna kama Breaking Bad. The Wire nilijaribu, epizodi ya pili ikanikuta nimelala. Shida ni mimi au ni wao? Na nifanyeje na mama mkwe wangu, ambaye akishika rimoti hataki kusikia kingine zaidi ya Waturuki wake wa Azam?"

Marahaba, mwalimu. Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata: rudi kwenye The Wire. Anza upya epizodi ya kwanza, jipe muda mpaka ya sita, washa maandishi ya chini, na simu iache chumba kingine. Ukifika ya sita bado unasinzia, achana nayo bila aibu uhamie Breaking Bad, ambayo haimpi mtu nafasi ya kusinzia tangu dakika za mwanzo. Ila ukiiacha nitasikitika, kwa sababu ndani yake kuna mtu ambaye mwalimu wa hisabati anapaswa kukutana naye. Nitamfikia.

Tuanze na hasira zako. Game of Thrones na Money Heist zimekuudhi kwa sababu ile ile, ingawa kwa sura zinaonekana mbalimbali. Mimi kazi yangu ni kuandika skripti za tamthilia za hapa nyumbani na kuwafundisha vijana wanaotaka kuziandika, na kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye kazi ya mtu ni kama hadithi inakumbuka ilichokwisha kusema. Kila tukio unalomwonyesha mtazamaji ni deni. Tamthilia ni sawa na daftari la mkopo dukani kwa Mangi: leo unachukua sukari, kesho mafuta ya kula, keshokutwa sabuni, Mangi anaandika tu huku anacheka. Mwandishi mzuri mwisho wa mwezi anakuja na hela. Mwandishi mbovu anahama mtaa.

Na si kwamba wanaohama mtaa ni Wazungu peke yao. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha waandishi ambako asubuhi tuliambiwa mwigizaji mkuu haji tena, wameshindwana malipo na mwenye kampuni. Kufika mchana tulikuwa tumeshampeleka masomoni Uturuki kwenye skripti, akimwacha nyuma mchumba, mimba na kesi ya shamba. Mchumba alipata mwingine, mimba ikawa mtoto, na kesi ya shamba haikutajwa tena mpaka tamthilia inazimwa. Watazamaji walituuliza. Hatukuwa na la kuwajibu.

Sasa kumbuka Game of Thrones ilivyoanza mwaka 2011. Mfalme Robert anasafiri na msafara mzima kwenda Winterfell, na anapotaka kwenda moja kwa moja kwenye makaburi, mkewe Cersei anamkumbusha kuwa wamekuwa njiani mwezi mzima. Sentensi moja tu, lakini imekupa kipimo: nchi hii ni kubwa, kaskazini ni mbali, ukikosea huko hakuna wa kukuwahi. Watu waliuawa misimu minne mfululizo kwa sababu msaada ulikuwa mbali. Kisha njoo msimu wa saba, epizodi ya sita. Jon na wenzake wamezingirwa katikati ya ziwa la barafu. Gendry anakimbia kwa miguu kurudi ukutani, kunguru anarushwa mpaka Dragonstone, kisiwa kilicho mbali kusini, malkia Daenerys anapata barua, anapanda joka, anafika. Wewe ni mwalimu wa hisabati, umeshawafundisha watoto mwendo, umbali na muda. Hasira yako ilikuwa ya halali kabisa. Umbali ulikuwa deni, na waliamua kutolilipa.

Sababu inajulikana. Kufikia mwaka ule walioanza, George R. R. Martin alikuwa ametoa vitabu vitano vya mfululizo wake, cha sita hakijatoka mpaka leo. Tamthilia ikakipita kitabu. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na epizodi kumi kumi, wa saba ukawa na saba, wa mwisho sita. Ukibanwa hivyo, kitu cha kwanza kutupwa ni safari, na safari ndizo zilizokuwa zinawapa wahusika muda wa kubadilika.

Money Heist ni deni la namna nyingine: lililipwa lote, halafu duka likafunguliwa upya kwa nguvu. Álex Pina aliiandika kwa ajili ya Antena 3 ya Hispania, epizodi 15 ndefu, zikaonyeshwa mwaka 2017 na hadithi ikaisha. Wameingia kiwanda cha kuchapa noti, wametoka, basi. Netflix waliinunua, wakaikatakata zikawa epizodi 22 fupi, dunia ikapagawa, ndipo zikaagizwa sehemu nyingine zilizokwenda mpaka 2021. Kama ulianza kuchoka pale genge linaporudi kwa ajili ya Benki Kuu ya Hispania, basi hukuchoka. Ulikuwa umemaliza, ila hakuna aliyekuambia.

Haya, The Wire. HBO waliionyesha kuanzia 2002 hadi 2008, misimu mitano, epizodi 60. Mtunzi wake David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi katika mji huo huo, na alipostaafu akaenda kufundisha shule za serikali za hapo hapo Baltimore. Watu wa aina hiyo hawana haja ya kubuni sana. Msimu wa kwanza ni kikosi cha polisi na genge la dawa za kulevya la kina Barksdale; wa pili unahamia bandarini, wa tatu siasa za mji, wa nne shule, wa tano gazeti.

Ulilala kwa sababu haikusaidii chochote. Majina ni mengi, Kiingereza ni cha mitaani (ndiyo maana nasema washa maandishi), na hakuna muziki wa nyuma. Muziki unausikia pale tu ambapo kuna redio ya gari au spika ya baa inapiga, isipokuwa mara chache sana kama mwishoni mwa msimu. Sisi tuliolelewa na Isidingo ya ITV tumezoea ala zitutangulie kutuambia hapa kuna huzuni, hapa kuna hila. The Wire inakuacha ukae na watu mpaka ujue mwenyewe. Kichwa kilichochoka na madaftari kinatafsiri ukimya huo kuwa ruhusa ya kulala.

Lakini angalia unachokikosa ukiishia ya pili. Epizodi ya tatu, D'Angelo, mtu wa genge la kina Barksdale, anawakuta vijana wawili, Bodie na Wallace, wamekaa uani kwenye maghorofa wanacheza drafti kwa kutumia kete za chesi. Anaketi kuwafundisha. Anawaeleza mfalme ni nani, malkia anafanya nini, na wale wadogo wa mbele ndio askari. Bodie anataka kujua: huyu mdogo akivuka mpaka upande wa pili anakuwa mfalme? D'Angelo anamwambia hapana, mfalme anabaki mfalme, na hawa wadogo huondolewa mapema. Hakuna anayesema kwamba wanazungumzia maisha yao. Dakika tatu hivi, na umepewa ramani ya misimu mitano. Weka alama kwenye majina ya watoto wale wawili.

Epizodi ya nne ina tukio ambalo nawaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Wapelelezi wawili, McNulty na Bunk, wanaingia jikoni kwenye nyumba ambamo msichana aliuawa zamani, wakiwa na picha za tukio na futi ya kupimia. Kwa muda wa kama dakika tano, wote wawili wanasema neno moja tu, tusi, kwa kila lafudhi ambayo mwanadamu anaweza kulitamkia: la mshangao, la kuchoka, la kugundua. Na wewe unaelewa kila hatua ya uchunguzi, risasi ilipotokea, muuaji aliposimama. Ni somo zima la uandishi. Ni sababu tosha pia ya kutoitazama sebuleni mama mkwe akiwepo.

Epizodi ya tano ni yako. Vijana wa genge wanawasiliana kwa peja, vile vidude vya mfukoni vinavyopokea namba tu, na namba wanazotumiana polisi wakizipiga hazimfikii mtu. Anayevunja fumbo ni askari mmoja anayeitwa Prez, ambaye wameshampokonya kazi za mtaani na kumweka ofisini. Anatazama vitufe vya simu na kugundua kuwa vijana wanairuka 5 ya katikati: 1 inakuwa 9, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 6, halafu 5 na 0 zinabadilishana. Umeshaona, mwalimu: ukiacha jozi hiyo ya mwisho, kila jozi ukiijumlisha unapata kumi. Watoto walioacha shule wametengeneza kanuni ambayo jengo zima la polisi halikuiona.

Prez huyu ndiye niliyesema nitamfikia. Alipokonywa kazi za mtaani kwa sababu katika epizodi ya pili, ile ile uliyolala, alimpiga mtoto wa miaka 14 usoni kwa bunduki bila sababu, na mtoto akapoteza jicho. Tamthilia nyingine zingemfukuza au kumsamehe tukasonga mbele. Hii inamkumbuka. Misimu mitatu baadaye, mwaka 2006, kwa mambo yatakayotokea hapo kati ambayo sikutajii, Prez si askari tena. Anaingia darasani Baltimore kufundisha hisabati watoto wenye umri kama wa yule aliyemtoa jicho.

Siku zake za kwanza ni za kutia huruma. Ukizitazama utawakumbuka wale vijana wa mazoezi ya ualimu wanaoletwa shuleni kwako na suti za kuazima. Kisha anagundua kuwa watoto wake wanacheza kamari ya dadu, na anawafundisha uwezekano kwa dadu hizo hizo. Darasa linafufuka. Hapo ndipo uongozi unapomwambia aache anachofanya awakaririshe maswali ya mtihani wa jimbo, maana wastani wa shule lazima upande. Prez anakaa kwenye kikao cha walimu na kutambua kuwa ameshakutana na mchezo huu polisi, ambako takwimu za uhalifu zilikuwa zikipikwa ili wakubwa wapande vyeo. Nadhani sina haja ya kukueleza zaidi, wewe unayejua shule inavyokuwa matokeo ya moko yakibandikwa. Ed Burns hakuyasoma mambo hayo mahali, aliyafundisha mwenyewe.

Msimu huo wa nne, wenye watoto wanne, Michael, Namond, Randy na Dukie, ndio ninaouona kuwa bora kuliko msimu wowote wa tamthilia yoyote ya Kiingereza niliyoitazama. Hauwezi kuurukia. Bila ule wa kwanza, hasira ya wa nne haikufikii. Wa pili utakukera mwanzoni kwa kukuhamishia bandarini kwa watu wapya kabisa, vumilia. Wa tano una hila moja ya McNulty ambayo mimi siiamini mpaka leo, lakini kufika hapo utakuwa umeshakuwa mwenyeji na hutajali.

Kuna pia Idris Elba, akiwa bado hajawa jina kubwa, akicheza Stringer Bell, mhalifu anayekwenda kusoma uchumi chuoni na kuongoza vikao vya wauza unga kwa kanuni za mikutano. Ndiye huyu huyu aliyetangazwa mwaka 2024 kuwa anapewa ardhi Zanzibar kwa ajili ya studio za filamu. Na usipime kwa tuzo: The Wire haikuwahi kushinda hata Emmy moja.

Sasa Breaking Bad, maana mwenzako naye hajakosea. Kituo cha AMC, 2008 hadi 2013, epizodi 62, mtunzi Vince Gilligan. Walter White ni mwalimu wa kemia huko Albuquerque, New Mexico. Mshahara hautoshi, jioni anafanya kazi ya kuosha magari, na katika epizodi ya kwanza anakutwa amepiga magoti anasugua tairi la gari la mwanafunzi wake mwenyewe. Mwalimu yeyote aliyewahi kukutana na mwanafunzi wake wakati anaendesha bodaboda jioni ataelewa kila kitu kitakachofuata bila kukihalalisha. Anaambiwa ana saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya.

Watu hudhani ni nzuri kwa sababu kila kitu kilipangwa tangu mwanzo. Sivyo. Gilligan amesema alikusudia Jesse, kijana anayepika naye, afe mwishoni mwa msimu wa kwanza. Alipoona Aaron Paul anavyoigiza akabadili mawazo. Msimu wa mwisho unaanza kwa Walter kununua bunduki kubwa ya rashasha iliyowekwa kwenye buti ya gari, na waandishi walipoiandika walikuwa hawajui itampiga nani. Wakakaa chini wakatafuta mpaka wakapata. Ndiyo maana silaumu mwandishi asiyejua mwisho wake, maana hata mimi mara nyingi siujui. Ninamlaumu anayejisahaulisha alichoandika juzi. Katika Breaking Bad mtu akipigwa, wiki ijayo bado anachechemea. Fedha zikipatikana, kuna epizodi nzima ya tatizo la kuzificha.

Kwa mtu mwenye saa moja na macho mazito ni rahisi zaidi kuliko The Wire, kwa sababu unamfuata mtu mmoja na familia yake, si mji mzima. Ndiyo maana naiweka ya pili: itakusubiri. Ukiimaliza usikimbilie Better Call Saul, tamthilia iliyozaliwa nayo, siku hiyo hiyo. Pumzika kwanza. Ni ya taratibu, na kwa maoni yangu katika baadhi ya mambo inaizidi mama yake, lakini ukiiingia na kiu ya milipuko utaionea.

Mama mkwe je? Mwache, na ukiweza kaa naye. Hizo za Kituruki zinaonekana kuvutwa kwa sababu kule kwao epizodi moja ya wiki hupita saa mbili, na zikiuzwa nje hukatwa vipande vidogo. Ndiyo maana kuna yale macho ya kutazamana mpaka chai inapoa. Lakini usizidharau kwenye suala la madeni. Chukua ile ya Sultani Suleiman, iliyotengenezwa kuanzia 2011 hadi 2014. Meryem Uzerli, aliyekuwa Hürrem na ndiye kivutio chao, aliondoka mwaka 2013 katikati ya kazi. Sisi tungempeleka masomoni. Wao walimleta Vahide Perçin akawa Hürrem mtu mzima, na hadithi haikukwepa kitu, kwa kuwa historia ilikuwa imeshaandika nani atamnyonga nani. Mwulize mama mkwe kuhusu Shehzade Mustafa, mwana wa Sultani, uone kama hatakuhesabia dhambi za kila mtu pale ikulu tangu siku ya kwanza. Huyo ni mtazamaji makini kuliko wengi wanaonisomea uchambuzi wa The Sopranos.

Hiyo The Sopranos ni kubwa kweli, 1999 hadi 2007, epizodi 86, bosi wa mafia wa New Jersey anayekwenda kwa daktari wa akili. Iweke mwaka ujao. Lost usiiguse kabisa kwa hasira ulizonazo. Kule daftari lilijaa mpaka kurasa zikaisha. Ukitaka cha kwetu kilicho kifupi, kuna Country Queen ya Kenya, ya kwanza ya nchi hiyo kutoka na Netflix, mwaka 2022, mwanamke wa mjini anayerudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini. Ina mikunjo yake, na baadhi ya mazungumzo ni ya mbao, lakini watu wanaongea lugha zao kama wanavyoongea, na imejua kukoma.

Na likizo ikifika, kabla ya yote hayo, tazama Chernobyl ya mwaka 2019. Epizodi tano tu, unaimaliza kwa siku tano hata ukiwa na saa moja kwa siku. Inahusu mlipuko wa kinu cha nyuklia wa Aprili 26, 1986. Ujue tu mambo mawili ili usije ukayafundisha kama historia: yule mwanasayansi wa kike, Khomyuk, ni mhusika aliyebuniwa kuwawakilisha wanasayansi wengi, na Legasov, mwanasayansi ambaye ndiye mhusika mkuu, yule wa kweli hakuwepo mahakamani siku ya kesi. Mtunzi wake, Craig Mazin, ameyasema hayo mwenyewe waziwazi. Lakini katika epizodi ya mwisho Legasov anasimama mbele ya mahakama na kadi nyekundu na za bluu, anazipachika moja moja kueleza kinu kilivyolipuka, kipi kilipandisha nguvu, kipi kilishusha, na watu wasiojua fizikia hata ya kidato cha pili wanaelewa kila hatua. Itazame na daftari mkononi. Mwenzako wa fizikia pale shuleni atakuja kuiazima.